Inchi Tatu na Nusu za Sakafu

Mimi ni fundi viatu. Baraza ninayokalia nimeigawana na cherehani kwa miaka kumi na minane, kwa hiyo haya si ya kusimuliwa, niliyaona kwa macho yangu na mengine niliyatia mkono. Cherehani hiyo ni ya mama mmoja mfupi, mwenye miwani inayoning'inia kifuani kwa kamba, ambaye mtaa mzima unamwita Bi Inchi. Jina nilimpa mimi. Alininunia wiki nzima, mpaka alipoona linamletea wateja.

Bi Inchi ni mtu wa pindo na kona. Kabatini kwake vikombe vyote vimeelekeza vishikio upande mmoja. Akiingia kwa mtu akakuta picha imeinama ukutani, hawezi kumeza chai mpaka ainyooshe. Kwenye kazi ndiyo usiseme. Nilimwona kwa macho yangu akifumua koti zima la mwalimu mmoja kwa sababu mfuko wa kushoto ulikuwa chini ya mwenzake kwa unene wa njiti ya kiberiti. Mwalimu mwenyewe alishalivaa, amefurahi, anataka kwenda zake.

"Vua," alimwambia.

"Mama, mimi naliona sawa."

"Wewe unaliona kwa ndani. Watu watakuona kwa nje. Vua."

Mwalimu akavua. Mtu mzima, na shahada yake, akasimama barazani na shati dakika arobaini.

Kitu alichokipenda kuliko vyote, na sidhani kama marehemu mume wake alikuwa mbele, ni futi yake ya kupimia. Ilikuwa ya kitambaa, pamba nzito, inchi sitini, aliyoachiwa na bibi aliyemfundisha kushona. Namba zilishafifia, naye akazirudishia kwa kalamu ya wino, moja baada ya nyingine. Kila Jumamosi akimaliza kazi aliinyunyizia maji kidogo, akaitandaza mezani, akaivuta ncha moja kwa mkono wa kushoto na kuipiga pasi ya moto kwa mkono wa kulia, mpaka ikalala bila mkunjo. Mafundi wenzake walikuwa na futi zilizojikunja kama maganda ya kitunguu. Yake ilinyooka kuliko rula. Tulimsifu sote, na sauti yangu ilikuwa ya juu kuliko zote.

Alikuwa na ubaya mmoja, hakubali kukosea. Wauza vitambaa wa sokoni wakimwona kwa mbali walijificha nyuma ya majora yao, kwa sababu kila kitambaa alichonunua alikipima tena akifika barazani, na kila mara alikuta amepunjwa. Inchi mbili. Inchi tatu. "Wezi wa mchana kweupe!" alikuwa akipaza sauti. Alishagombana na wauzaji wanne wa mtaa wetu, akawamaliza, akahamia mtaa wa pili, akaanza na wa huko. Nami kama jirani mwema nilitikisa kichwa na kusema kweli watu wamekosa haya siku hizi.

Sasa mdogo wake wa kike. Huyu tulimwita Redio, na sababu haihitaji maelezo. Walikuwa wakifanya kazi pamoja. Redio alisimama mbele na wateja, akiwapima kifua, kiuno na nyonga na kuandika kwenye daftari, huku akiwapa habari zote za mtaa na nyingine za kutunga. Bi Inchi alikaa ndani kwenye meza ya kukatia, anakata na kushona. Miaka yote hiyo walipokezana ile futi moja. Halafu kazi zikazidi, wateja wakawa wanasimama foleni, na Redio akachoka kusubiri futi. Akanunua ya kwake, mpya, ya plastiki, rangi ya njano.

Haikupita miezi mitatu mambo yakaenda kombo. Nguo zikawa zinatoka kubwa. Si kubwa ya kuchekesha, kubwa ya kuudhi. Sare za wauguzi kumi na wanne zilirudi siku moja, kila muuguzi kashika sketi yake kiunoni. Bi Inchi akazipunguza zote, kanuna, akamwambia mdogo wake, "Punguza mdomo, ongeza macho." Redio akala kiapo kwamba alipima sawasawa.

Kisha likaja gauni la harusi. Lilikuwa gauni lisilo na mabega, la kujishikia lenyewe kifuani. Redio alimpima bibi harusi mara mbili, kwa sababu alishaanza kujiogopa. Bi Inchi akakata kwa kufuata daftari, akashona siku tisa. Siku yenyewe gauni likakataa kukaa. Bibi harusi wa watu alilishika kwa mikono miwili tangu asubuhi mpaka jioni, kwenye picha zote, na wakati wa kutia saini cheti ilibidi mama yake mzazi aje amshikie.

Jumatatu yake mama yule alikuja barazani. Aliyoyasema sitayaandika. Bi Inchi aliyapokea yote amesimama wima. Mama alipoondoka, akamgeukia mdogo wake mbele ya wateja, mbele yangu, mbele ya watu waliosimama njiani kufaidi.

"Huoni," alimwambia. "Sijui ni macho yaliyokufa au ni kichwa, lakini huwezi kuhesabu mpaka arobaini. Umeniaibisha. Toa futi yako hapa uende."

Kaka yao mkubwa alikuja kusuluhisha. Akaniita niwe shahidi, mtu wa nje asiye na upande. Nami, mdomo wangu huu, nikasema nilichokuwa nakiona kila siku: kwamba Redio anapima huku anaongea, na mara nyingi anacheka, na mtu anayecheka hawezi kusoma namba vizuri. Nilijiona nimesema la maana kweli. Kaka akaguna, akakubali. Redio aliniangalia tu. Kesho yake hakuja, wala keshokutwa, na ndugu wale wawili hawakusemeshana kwa miaka minne.

Kilichotumalizia mashaka sote ni kwamba tangu aondoke, nguo zilirudi kukaa. Bi Inchi alipima mwenyewe, akakata mwenyewe, na kila nguo ikamkaa mwenye nayo kama kazaliwa nayo. Mngetaka ushahidi gani zaidi?

Basi, mwaka huu binti wa Bi Inchi akapiga simu kwamba anakuja kukaa mwezi mzima na mtoto wake, mjukuu wa kwanza, miezi saba, ndiyo kwanza ameanza kutambaa. Bi Inchi aliangalia sakafu ya sebule yake siku ile kama anaiona mara ya kwanza. Ni saruji, zamani ilikuwa nyekundu, baridi asubuhi na mchana, na ina ufa unaotoka mlangoni mpaka chini ya kochi.

"Mjukuu wangu hatatambaa kwenye saruji," akaniambia. "Nanunua zulia."

"Nunua lile dogo la katikati," nikamwambia. "Unalitandika, unalikunja, mambo yamekwisha."

Akaniangalia kama nimemtukana. "La katikati! Mtoto akitoka pembeni je? Zulia ni ukuta kwa ukuta, fundi. Sitaki kuona sakafu hata ya kupitisha sindano."

Tukapima. Nilipiga magoti kwenye kona nikimshikia ncha moja ya ile futi yake, naye akitambaa na ncha nyingine, akiweka alama kwa chaki kila inchi sitini. Alirudia mara tatu. Urefu, inchi mia moja arobaini na nusu. Upana, mia moja na kumi na saba. Akaandika kwenye karatasi, akapiga mstari chini yake mara mbili. Futi akaikunja akaiacha mezani. Haikuwahi kwenda sokoni, alisema kule kuna mikono michafu.

Duka la mazulia liko karibu na kituo cha mabasi. Ni chumba kirefu, mazulia yamesimamishwa ukutani yakiwa yameviringishwa, na hewa yote ni harufu ya sufu na gundi. Mwenye duka ni mwanaume mrefu, mpole, wa viatu vya ngozi vilivyopakwa rangi juzi tu. Nikamheshimu kabla hajafungua mdomo. Kama angejua kilichoingia mlangoni mwake angefunga mapema.

Zulia la kwanza lilikuwa na maua. Bi Inchi akalifuata pembeni kwa kidole mpaka mwisho. "Hili ua limekatwa kichwa," akasema. "Na lile limekatwa miguu. Ondoa."

La pili lilikuwa jeupe la maziwa. "Huyu ana mtoto?" akaniuliza mimi, kana kwamba mwenye duka hasikii. La tatu lilikuwa la manyoya marefu, zuri ajabu, hata mimi nilitamani kulala hapo hapo. Bi Inchi akazamisha mkono mpaka kwenye kifundo, akautoa, akatikisa kichwa.

"Nyumba ya mshonaji hii. Pini ikidondoka humu haionekani mpaka imuingie mtoto mkononi."

La nne alilisugua kwa leso nyeupe, leso ikatoka na rangi. La tano aligeuza mgongo wake, akavuta uzi mmoja, uzi ukamfuata. Mwenye duka alikuwa ameanza kufuta jasho. Hapo ndipo tukafika kwenye la sita, rangi ya damu ya mzee, nyuzi fupi zilizoshikamana, halina ua wala mstari. Bi Inchi alivua viatu, akapandisha miwani, akapiga magoti, akaanza kutambaa. Mama wa miaka hamsini na nane, katikati ya duka la watu, anatambaa kwa mikono na magoti kutoka upande mmoja mpaka mwingine, kisha anarudi. Mama mmoja aliyekuwa akichagua mapazia alimvuta mumewe wakasogea karibu na mlango.

"Haliumi magoti," Bi Inchi akasema akiwa chini bado. "Kata hili."

Mwenye duka akatoa futi yake ya chuma, akasoma karatasi, akapima, akaweka alama, akakata kwa kisu akifuata chuma. Bi Inchi alimsimamia kichwani muda wote, anamwangalia mkono. Tukalibeba, mimi mbele yeye nyuma, tukifokeana kila kona.

Tulipolitandaza sebuleni, nikaona uso wake umebadilika kabla sijaona sababu. Zulia lilianzia ukutani vizuri. Upande wa pili halikufika. Kilibaki kipande cha saruji, kirefu kama benchi, upana wa kiganja changu bila kidole gumba. Upande wa dirishani hali ile ile. Bi Inchi akaichukua futi yake mezani akalipima zulia: mia moja thelathini na saba.

"Ameniibia," akasema kwa sauti ndogo. Halafu ile sauti ikapanda. "Ameniibia mbele ya macho yangu! Nimemsimamia kichwani, na ameniibia! Viringisha!"

Sijui nilipata wapi nguvu ya kulirudisha. Safari hii futi ilikuja nasi, ameizungusha shingoni. Aliingia dukani anapaza sauti tangu barabarani, wapita njia wakatufuata. Mwenye duka alisikiliza mpaka mwisho, wala hakukatiza. Kisha akalitandaza zulia sakafuni, akatoa futi ya chuma, akapima.

"Mia moja arobaini na nusu, mama. Ndicho ulichoandika."

"Chuma chako kibovu."

Akaenda nyuma, akarudi na rula ya seremala, ile ya mbao inayokunjwa. Mia moja arobaini na nusu. Akachukua futi nyingine ya chuma, mpya, bado iko kwenye boksi lake, akaifungua mbele yetu. Mia moja arobaini na nusu. Watu mlangoni wakaanza kunong'ona.

"Mama," mwenye duka akasema taratibu, "niazime hiyo yako kidogo."

Akailaza ile futi ya kitambaa sakafuni, ubavuni mwa futi ya chuma, ncha kwa ncha. Mimi na Bi Inchi tulikuwa tumeinama juu ya zile futi. Kwenye inchi kumi sikuona kitu. Kwenye ishirini nikaona mistari haikutani. Kwenye arobaini ilikuwa imeachana waziwazi. Na pale ambapo Bi Inchi alikuwa ameandika sitini kwa wino wake mwenyewe, chuma kilisoma sitini na moja na nusu.

Nilisikia basi linapiga honi kituoni.

"Za kitambaa huwa zinavutika," mwenye duka akasema, na nakiri alisema kwa huruma. "Hasa ukizipiga pasi."

Bi Inchi alikuwa bado ameinama. "Na hizi mpya," akasema. "Za plastiki. Zinasoma kama chuma chako?"

"Zinasoma hivyo hivyo."

"Hata ya njano?"

Mwenye duka akaniangalia mimi, kachanganyikiwa. "Rangi haihusiani, mama."

Bi Inchi akavua viatu, akakaa chini. Hakutafuta kiti, alikaa tu palepale sakafuni juu ya zulia, miguu imenyooka mbele, miwani imemlalia kifuani. Nilidhani amezimia. Nikamshika bega.

"Fundi," akasema. "Thelathini na sita yake ilikuwa thelathini na sita."

Ilinichukua muda kumwelewa. Redio alimpima bibi harusi kwa futi isiyovutika, akaandika kifua thelathini na sita, namba ya kweli. Bi Inchi akaichukua namba hiyo akaikata kwa futi iliyovutika, na thelathini na sita ya futi hiyo ilikuwa karibu thelathini na saba. Gauni lilikatwa kubwa mezani, halikupimwa kubwa. Na Redio alipoondoka nguo zilikaa sawa kwa sababu futi iliyopima mwili na iliyokata kitambaa ilikuwa moja, kosa likajifunika lenyewe. Wauza vitambaa walikuwa wakitoa kipimo kamili miaka yote. Ushahidi wetu ule mkubwa, ule uliomaliza mashaka, ulikuwa ushahidi wa upande wa pili. Na mimi niliutoa wangu nikiwa nimekunja nne.

"Mama, zulia nifanye nini?" mwenye duka akauliza.

Bi Inchi alishasimama. "Niazime hiyo futi mpya," akamwambia. "Nitairudisha." Akaichukua, akachukua na ile yake, akatoka peku. Nilimkimbilia na viatu vyake mkononi.

Tulijua Redio anafanya kazi wapi. Mji ni mdogo kwa habari za namna hiyo. Yuko kwenye chumba cha kufulia cha hospitali, anakunja mashuka. Ni jengo la nyuma, lina joto la mashine na mvuke unaonata mwilini, na katikati kuna meza ndefu na mikokoteni iliyojaa nguo. Tulimkuta amesimama mezani, amekonda, kafunga kitambaa kichwani. Alikuwa anakunja kimya. Hilo peke yake lilinishtua, sikuwahi kumwona mwanamke yule akiwa kimya hata akitafuna.

Mama mmoja aliyekuwa upande wa pili wa meza alituona tumesimama. "Mnamtaka huyu? Subirini nimhesabie rundo lake. Rundo ni mashuka thelathini, na huyu hahesabu. Tangu aje hapa hahesabu hata kumi, lazima aite mtu." Alisema kwa kucheka, bila ubaya. Bi Inchi akashika fremu ya mlango.

Redio akainua uso. "Shikamoo, dada," akasema, kama vile wameonana jana.

"Marahaba."

Bi Inchi alikuwa amepanga maneno njia nzima, nilimsikia akiyanong'ona. Hakusema hata moja. Alikwenda mezani, akasogeza mashuka, akazilaza zile futi mbili ubavu kwa ubavu.

"Angalia."

"Sitaki kuangalia namba, dada. Niko kazini."

"Angalia, mdogo wangu. Nakuomba."

Redio akakausha mikono kwenye aproni, akasogea. Alipitisha kidole juu ya mistari, polepole, midomo ikicheza. Alipofika mwisho, kidole kikabaki hapo.

"Hii ya chuma imepungua," akasema.

"Haijapungua. Ni yangu iliyovutika. Niliivuta mimi, kwa pasi, kila Jumamosi." Bi Inchi akaigonga kwa kidole ile ya kitambaa. "Wewe ulipima sawa. Zile sare ulipima sawa. Lile gauni ulipima sawa, mara mbili. Mimi ndiye niliyekata vibaya, nikakufukuza mbele za watu. Nisamehe."

Mimi nikaona zamu yangu imefika. "Na mimi nilisema ulikuwa unacheka..." nikaanza.

"Mtu ukimpima kiuno kimya kimya anaona haya," Redio akanijibu, bila kuniangalia. "Anavuta tumbo ndani, unapata namba ya uongo. Ndiyo maana nilikuwa nawachekesha. Wapumue."

Niliinamisha kichwa. Kazi yangu yote ni kuangalia miguu ya watu, siku hiyo niliangalia yangu.

Redio alikuwa bado anaitazama ile futi. Alipozungumza alizungumza na dada yake tu.

"Nilikwenda kwa daktari wa macho," akasema. "Wiki ile ile uliyonifukuza. Akanipima, akasema macho mazima. Nikasema huyu hajui kazi yake. Nikaenda kwa mwingine, upande ule wa mji, akanisomesha herufi zote mpaka zile ndogo za chini. Akasema mazima, nani kakwambia huoni? Nikamwambia, dada yangu. Akacheka. Dada, nilitoka pale nimemchukia yule mtu." Akaigusa tena ile futi. "Mwanangu aliposhikwa na homa, dawa yake ilikuwa ya kupima kwa kijiko. Niligonga kwa jirani anipimie, kila baada ya saa sita, siku tano. Nilijua mimi nitamzidishia. Madaktari wawili waliniambia naona, nikakuamini wewe."

Bi Inchi machozi yalikuwa yanamtiririka na hakuyafuta. Akashika ncha ya shuka lililokuwa mezani, nadhani alitaka kusaidia kulikunja, au alitaka tu kushika kitu. Redio akalivuta taratibu mpaka likatoka mkononi mwake.

"Leo hapana, dada."

Akalikunja peke yake, kona juu ya kona, akaliweka juu ya mengine. Yule mwenzake akasogea, kanyoosha kidole tayari kuhesabu rundo.

"Acha," Redio akamwambia. "Bado matatu. Hapo yako ishirini na saba."

Mwenzake alimwangalia, kisha akahesabu hata hivyo, kwa sauti, kwa mazoea ya miaka minne, moja baada ya jingine mpaka la juu kabisa. Yalikuwa ishirini na saba.